Chachu ya Maluki

Makongeni, Thika
10 Juni 2024

Mwanangu Mumbi,

Salamu nyingi. Hamjambo wewe na Becky? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi niko, magoti ndiyo yanalalamika na hii baridi, lakini Mungu ni mwema.

Kwa kuwa simu zangu hushiki, nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Dianah, jirani yangu anayefanya kazi huko Ruiru, atakuletea barua hii na avokado. Mwaka huu mti umezaa mpaka matawi yanavunjika.

Jana nilipika ile pizza ya Jumapili vile marehemu Maluki alinifundisha: sufuria kubwa, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Nikaweka nyanya, kitunguu na mboga ya terere, avokado nikaipanga ikishatoka motoni. Kando iliungua kidogo. Niliwangoja mpaka makaa yakawa jivu, kisha nikawaita watoto wa jirani wakala.

Tangu tumzike Maluki mwezi wa tatu hamjakanyaga hapa. Najua umefiwa na mume. Lakini mimi pia nimefiwa na mwana, na wa damu yake niliyebaki naye ni Becky tu. Nimekukosea nini?

Mama yako,
susu, nyanya yake Becky

Makongeni
19 Agosti 2024

Mumbi,

Hamjambo huko? Mimi sijambo.

Kikapu cha avokado kilirudi kitupu, bila hata salamu. Kwani mmehamia Ulaya? Ruiru na Thika ni pua na mdomo! Nakuletea mbaazi bichi kutoka shambani Yatta. Maluki alizipenda juu ya pizza, na vitunguu vya majani. Nimezimenya mwenyewe, kucha zote zimekuwa kijani.

Watu wa kanisa wananiambia nikuache, labda umepata mwingine. Nimewaambia wafunge midomo. Lakini na mimi nimechoka kuwajibu. Kama ni hasira, niambie. Kama ni mwingine, pia niambie, ila usininyime mtoto.

Susu

Ruiru
1 Septemba 2024

Mama,

Habari yako? Magoti yanaendeleaje? Sisi tuko salama. Asante kwa mbaazi.

Umeuliza, basi nitasema. Unakumbuka siku iliyofuata mazishi, wewe na akina mama wa kanisa mkaja kunisafishia jikoni? Mimi nilikuwa chumbani na wageni. Juu ya friji kulikuwa na ile chupa ya asali uliyotupatia tulipooana, imefunikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na chachu ya Maluki. Ni unga na maji tu, aliuchachusha mwenyewe kabla Becky azaliwe. Kila wiki alichota kidogo akakandia unga wa pizza, akaongeza unga mwingine ili isife. Hata asubuhi ile aliyotoka asirudi aliilisha kwanza, akaniambia, "Usiiweke kwa jua."

Nilipoingia jikoni, chupa ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa, inanuka dawa ya Jik. Nimeificha kabatini mpaka leo.

Mama, nguo zake ziko, viatu viko, lakini hivyo havina uhai. Ile chachu ilikuwa bado inapumua. Nikikuona wewe, naona ile chupa. Ndiyo maana siji.

Mumbi

Ruiru
20 Oktoba 2024

Mama,

Habari za siku nyingi? Barua yangu ilifika? Dianah anasema hata kanisani huonekani. Unaumwa? Sitasema hasira imeisha, lakini sikutaka unyamaze hivi. Becky anakuuliza.

Mumbi

Makongeni
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Mimi si mgonjwa. Barua ilifika. Niliisoma nikiwa mlangoni, nikakaa chini hapo hapo kwenye kizingiti.

Mama yangu alipokufa, shangazi zangu waliosha kila chombo nyumbani, nisije nikakutana na chakula alichoacha. Nami nilidhani nakubebea mzigo vile walivyonibebea. Niliinua kile kitambaa, nikanusa, nikasema, aiya, uji umeharibika, maskini Mumbi hata hajaona. Ulikuwa umeshikilia, nikaukwangua na kijiko, nikamwaga maji ya moto. Woi, Mumbi! Mwanangu mwenyewe nikammwaga kwa sinki, tena nikiimba wimbo wa kanisa.

Nimejaribu kuianzisha nyingine. Unga, maji, kitambaa, kila kitu. Iliumuka vizuri. Nikaisogeza puani, na haikuwa yake. Nimeitupa, maana singeweza kukuletea uongo ndani ya chupa.

Siwezi kukuomba usahau, mimi mwenyewe sisahau. Naomba tu kumwona mtoto.

Mama yako

Ruiru
8 Desemba 2024

Mama,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nimelia leo mpaka macho yamevimba.

Nilikuwa nakanda chapati. Becky akasimama kwa stuli, akaniambia nafanya vibaya. Akaupiga unga kwa nyuma ya mkono, mara mbili, akaugeuza, akaupiga tena. "Baba anafanya hivi." Mimi siku zote nilidhani huo ni mtindo wa pizza. Kumbe niliuona siku ya kwanza Maluki aliponileta kwenu. Ulikuwa umeinamia karai unakanda chapati za wageni, unaupiga unga hivyo hivyo, na mimi nikakucheka moyoni.

Sijui kama nimekusamehe, Mama. Bado inauma. Lakini aliyemfundisha Maluki ni wewe, na nataka Becky akuone ukikanda.

Jumapili ijayo tunakuja. Usijaribu kuifanya pizza ifanane na yake.

Mwanao, Mumbi

Makongeni
13 Desemba 2024

Watoto wangu,

Mungu awalinde njiani. Mimi niko mzima, na magoti leo yamenyamaza.

Makaa ninayo. Maembe ya Yatta yameiva, nitayakata nyembamba nipange na pilipili hoho na nyanya. Hamira nimenunua ya pakiti, dukani kwa Muigai. Haitakuwa tamu kama yake, najua, na wewe unajua. Lete ile chupa ya asali, usiifiche tena, tutamwekea Becky maji ya kunywa humo. Tutakula, na tukilia, tutalia tukiwa tumeshiba.

Susu