Mbaya wa Vitasa

Kaka, mwanangu yuko rumande, na maneno waliyomshikia yametoka kinywani mwangu mwenyewe!

Nisamehe, nimeanza na mwisho. Shikamoo, kaka yangu. Wifi hajambo? Goti lake limepoa? Wajukuu wazima? Sisi huku tunapumua tu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Katika watoto wa marehemu mama hakuna aliyenishinda mwandiko, hata wewe uliyekaa shule mpaka ukaota ndevu. Leo tu naandika kwa haraka, usizicheke herufi.

Najua umeshasikia, na najua ulichosema. Binamu alinifikishia kwamba kwako wewe mtu anayeingia nyumba ya mwenzake na kumtoa mkewe ni mbaya, ubaya usio na dawa, na kwamba mahakamani hutatia mguu. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Lakini nisome mpaka chini ndipo ukunje uso.

Hilo neno mbaya ndilo lililotumaliza. Mpwa wako ni fundi vitasa, na si fundi wa kubahatisha. Kufuli lililoliwa na kutu, gari lililofungiwa funguo ndani, yeye anainamisha sikio kama daktari, anatabasamu, mlango huo wazi. Vijana wa pale kibandani kwake wakaanza kumwita Mbaya. Mimi niliposikia nilikwenda na mwiko mkononi, nikasema anayemwita mwanangu mbaya ajitokeze. Walivunjika mbavu! Wakanieleza kwamba kwa lugha yao mbaya ni yule anayeijua kazi mpaka inatisha. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Ule ubao wake wa Mbaya wa Vitasa ni mimi niliyesimamia kupakwa rangi, nikataka herufi kubwa, zionekane toka barabarani.

Basi yupo bwana mmoja mwenye duka la mabati, mtu mpole, salamu yake haikupiti. Alimwita mwanangu amwekee kitasa mlango wa nyuma, cha kufungwa kwa nje tu, ndani pasiwe na tundu. Mwanangu akadhani ni stoo. Akaweka, kazi safi kama kawaida yake. Baadaye akapita njia ile mchana, akasikia sauti ya mwanamke kwenye tundu la hewa, inaomba mtu yeyote anayepita. Mke wa yule bwana. Alikuwa akifungiwa humo mume akienda dukani, na siku nyingine mume akirudi anamwacha amefungiwa vilevile. Mwanangu alikitambua kitasa chake. Alikifungua. Mwanamke akatoka na nguo alizovaa, kiatu kimoja mkononi. Hayo ndiyo yaliyofanyika, kaka, hakuna jingine. Hayo ya mapenzi ni ya midomo ya watu.

Siku chache baadaye akaja kwangu kijana mmoja amevaa vizuri, kiatu kinang'aa, akauliza kama hapa ndipo kwa mama yake fundi Mbaya. Nikajua ni mteja. Unanijua, mtu akimtaja mwanangu mimi ulimi haukai. Nikamsogezea kiti, nikamwekea chai. Nikamwambia huyo ni mbaya toka tumboni! Nikamwambia hakuna mlango wa mji huu unaomshinda, kwamba akitaka kuingia kwako ataingia nawe umekaa sebuleni unakunywa chai. Kijana akacheka, akashukuru, akaongezewa kikombe. Alikuwa askari.

Mahakamani wakayasoma. Mama mzazi wa mshitakiwa amekiri kwamba mwanawe ni mtu mbaya tangu kuzaliwa, na kwamba huingia nyumba za watu wenyewe wakiwemo. Watu wakacheka. Hakimu akavua miwani. Mimi nilisimama kule nyuma nikapaza sauti kwamba hiyo ni sifa, mheshimiwa, ni sifa! Nikaambiwa nikae au nitolewe. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua anajizuia asilie kwa ajili yangu.

Toka siku hiyo nauliza ubaya ni nini, na kila ninayemuuliza ana wake mfukoni. Jirani yangu anayeuza mkaa anasema ubaya ni kuingilia ndoa ya watu, hata kama ndani kuna moto. Askari kwake ubaya ni kile kilichoandikwa. Wewe umeshatoa wako. Nilipokwenda rumande kumpelekea mwanangu shati, yeye aliniambia ubaya wake haumo katika kukifungua kile kitasa, umo katika kukiweka bila kuuliza kulikuwa na nini ndani. Nikamwambia aache upuuzi, fundi haulizi. Akasema ndiyo, mama, ndivyo hivyo. Nikamkabidhi shati, nikamwambia vifungo vyote vipo.

Wanamuuliza mwanangu yule mwanamke yuko wapi, hasemi. Wanasema amemficha au amemtupa. Mwanamke asipoonekana, watamfunga mwanangu kwa kuvunja nyumba na kutorosha mke wa mtu, na huko wanakofungwa watu wanakufa kwa kukohoa, kaka, wakiwa wabichi kabisa.

Sasa keti, nikuambie. Mwanamke yuko kwangu. Yupo nyuma ya pazia la chumba changu sasa hivi ninavyoandika, anashona vifungo vya sare nilizopewa kushona. Ana mkono mwepesi. Mwanangu alimleta hapa siku ileile, na hata binamu hajui.

Na hili nalo nikuambie, maana limenikaa kooni. Yule bwana alinitumia ujumbe kwamba akirudishiwa mkewe, kesi anaifuta, mwanangu analala nyumbani. Jana nilivaa gauni langu la heshima nikaenda dukani kwake. Nilikwenda kumtoa huyu mwanamke, kaka. Nilijisemea kila mama na wake. Mlangoni nilikuwa hata maneno nimeyapanga.

Alinipokea kwa adabu, akaninunulia soda. Akasema yeye hana ubaya na mtu, anamtaka mkewe tu, tena amemsamehe. Kisha akainua toka chini ya kaunta kitasa kipya, kikubwa, akanipa nikishike. Akaniambia hiki hata yule Mbaya wenu hakiwezi, na mara hii na lile tundu la hewa ataliziba. Akaniuliza, si kizuri, mama? Alikuwa anataka nimsifie, kaka. Alinitazama vile walivyonitazama wanangu walipoleta karatasi toka shule. Hakuwa na hasira hata chembe. Soda sikuimaliza.

Niliporudi nilimkuta yule mwanamke amefunga nguo nilizompa, viatu vyangu vya zamani kando yake, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akasema kama nimeshamwambia mumewe nimwambie na yeye, ili avae viatu. Nikamwambia nilikwenda kununua uzi. Akatazama mikono yangu, haikuwa na uzi. Akazifungua nguo moja moja akazirudisha mahali pake.

Amekubali kwenda mbele ya hakimu aseme alivyofungiwa. Anaogopa kitu kimoja, kutoka getini hadi ndani ya mahakama, maana mumewe na ndugu zake husimama pale wote, na sheria haijui kinachotokea nje ya mlango wake. Mimi peke yangu siwezi kumkinga. Naringa sana, lakini mwili wangu ni mmoja na una presha. Nahitaji watu wa kumzunguka. Nakuhitaji wewe mbele, kaka, na hiyo sauti yako ya kufokea watoto. Mje wewe na wanao, na wifi hata na goti lake, na binamu na mdomo wake. Kama bado unaona mwanangu ni mbaya, njoo vilevile, umwambie mwenyewe akishatoka.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa mapenzi. Huyu wa nyuma ya pazia naye anakuamkia, ingawa hamjuani.

Ni mimi dada yako, mama yake fundi.

Kesi ni Alhamisi asubuhi. Jumatano kabla jua halijazama nyote muwe mmefika kwangu.