Maonyo Niliyoyaficha

Fiza, nina jambo la kukiri.

Ile programu yangu ya kuwatumia wakulima wa Dakawa ujumbe wa zamu ya maji. Nilipoiandika, kompyuta ilinionya kwa maandishi ya njano: namba ya simu inaweza kuwa tupu, na hapa hungoji jibu la kama ujumbe umefika. Nikayaficha yale maonyo. Kwa mkono wangu, Fiza.

Bi Mwanaheri, mmoja wa wakulima hao, hana simu. Programu ilipofika kwake ikakwama kimya kimya, mimi kwenye skrini nasoma "zimetumwa". Wote waliomfuata kwenye orodha hawakupata kitu. Zamu zao zimepita, mpunga unakauka.

Leo Bi Mwanaheri kaja ofisini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu wameninunia, eti nimewakosesha maji kwa kukosa simu. Ni kweli?"

Nikanyamaza. Fiza, nilinyamaza.

"Basi nisamehe, mwanangu. Kesho nauza kuku wangu ninunue simu."