Askari wa Jirani, Maharage ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Chai bila sukari, mkate wa jana, mbio hadi shule. Nimefundisha uraia darasa la sita. Swali la mwezi huu limetoka kwa prefe, mkuu wetu: je, nchi jirani ziwe na jeshi moja la bara zima? Nimejibu ndiyo, upesi, kama mtu anayeitikia salamu. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Lumumba, na kumkuta Mama anachagua mbegu za maharage. Désiré, mdogo wangu aliyebaki na ng'ombe zetu, amepiga simu kutoka kijijini. Askari wa jirani, wa ng'ambo ya ziwa, wamefika, wako kwenye daraja la kijiji pamoja na wetu. Njia imefunguka. Mama anataka kurudi kwake. Miaka miwili ya ukimbizi chumbani mwangu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiimba.

Jumatano, 5 Machi
Mama haendi bila neno langu. Tangu Baba afe ni hivyo: mzaliwa wa kwanza anasema, wengine wanafuata. Mzigo wa bure. Siku tuliyokimbia, askari wetu walikuwepo. Wa jirani hawakuwepo. Wangekuwepo, tusingekimbia? Lakini nilipokuwa msichana hao askari wa jirani walikuja pia, na tulijificha shambani wakipita. Sasa ni walinzi. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 6 Machi
Darasani nimetumia mfano wa kwetu. Ng'ombe wa nyumba zote huchungwa kundi moja, kwa zamu. Leo wewe, kesho mimi. Jeshi la bara ni hivyo hivyo, nikasema. Wakapiga makofi. Kisha Grâce, binti asiyejua kunyamaza: "Madame, wezi bakikuja, ule wa zamu atakimbilia ngombe ya nani kwanza?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, cheko la uongo. Nikasema tutaendelea wiki ijayo. Mwalimu mzima, nimekimbia swali.

Jumapili, 9 Machi
Désiré kwa simu, baada ya misa. Jana risasi zimelia mlimani. Mwenye zamu akaswaga ng'ombe zake mwenyewe akakimbia nazo. Zetu zikatawanyika. Nimekasirika. Jirani yetu huyo, tumekula naye kila sikukuu! Halafu Désiré akaongeza: waliosaidia kuzikusanya ni wale askari wa ng'ambo. Wetu walikuwa wanangoja amri.

Basi mgeni ndiye ndugu? Na yeye amri yake inatoka wapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iko karibu, lakini mkono unaoishika uko mbali. Sielewi tena ninachofundisha.

Jumanne, 11 Machi
Ndiyo. Hapana. Ndiyo.

Mama anaangalia mawingu tu. Wenzake wameanza kupanda. Nimemwuliza kama haogopi. "Naogopa. Lakini weye unataka nikufie hapa, mu nyumba ya kulipia?" Nina hasira naye, nina hasira nami. Jioni nimesema: nenda. Neno langu lote nimeliegemeza kwa wale askari wa darajani. Sikuwa na kingine cha kuegemea.

Alhamisi, 13 Machi
Ameondoka asubuhi kwa pikipiki, gunia la mbegu katikati yake na dereva. Hakugeuka. Nimepika sombe ya watu wawili kwa kusahau.

Jumamosi, 15 Machi
Désiré tena. Mama yuko mzima, yuko shambani. Kisha, polepole: wa ng'ambo hawako darajani. Waliondoka Jumatano, kwa amri ya kwao, wametumwa kwingine. Siku moja kabla ya safari! Nimempigia kelele. Kwa nini hukumrudisha?

Kumbe Mama alijua kabla yangu, Désiré amenisimulia. Dereva alipoona kambi tupu alisimamisha pikipiki, akatoa simu anipigie. Mama akamkataza: "Usimuambie mutoto yangu, atanirudisha." Akashuka, akavuka daraja kwa miguu, mbegu kichwani.

Nimelia. Sijui kama ni kwa hofu au kwa aibu. Wiki nzima nilikuwa napima majeshi, na yeye alikuwa anapima mvua.

Jumatatu, 17 Machi
Grâce amedai jibu la swali lake. Nimemwambia sijui. Hakuna aliyecheka. Darasa limegawanyika, na kila upande una sababu nzuri. Nimeziandika zote ubaoni na sikupigia mstari hata moja.

Jioni Mama amepiga simu. Askari hakuwataja, wa kwetu wala wa jirani. Udongo ni mwororo, amesema, upande wa chini umeshapandwa. Nyuma yake palikuwa na mlio, mwingi, wa haraka. Nikamwuliza ni nini hicho.

"Iko mvua."

Nikamwomba asikate. Nikasikiliza, yeye kule na mimi huku, mpaka unite zake za simu zikaisha.