Viti vya Mama Hodan

Athi River,
Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na upokee pia kelele za mjukuu wako Mwikali, ambaye sasa hivi anavuta karatasi hii akitaka kuila. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika Masinga, ama bado mnaangalia mawingu yakipita tu? Mwende akikusomea barua hii, mwambie asome polepole, na asiwacheke watu wa mbali mahali nimekosea.

Sisi tuko. Kiwandani wamenihamisha kwa laini ya kushona suruali, kazi yangu ni zipu tu, zipu kutwa nzima, na nikifika nyumbani vidole vinakuwa kama si vyangu. Mwikali ameota jino la tatu na lilitutesa siku nne. Nimechoka, sitakuficha. Lakini leo niko na furaha mpaka nimesema lazima nikuandikie, maana simu yako hukatika nikiwa bado kwa salamu.

Unamkumbuka Mama Hodan, yule jirani yangu Msomali mwenye kibanda cha chai mbele ya ploti yetu ya nyumba za kupanga. Ndiye hushinda na Mwikali nikiwa kazini. Na nilikueleza vile Mzee Kioko wa nyumba ya kona alikuwa anazunguka na karatasi ya sahihi za kumwomba mwenye ploti amtoe huyo mama. Ukaniambia, "Nyamaza mwanangu, wewe huko ni mgeni, na huyo mzee ndiye alikutafutia nyumba." Ni kweli alinitafutia nyumba. Na Mwikali alipougua, yeye na mkewe ndio waliniletea uji. Si mtu mbaya. Ndiyo sababu nilinyamaza majuma mawili. Basi Jumapili iliyopita sikunyamaza, na nataka uisikie kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Siku hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa zamu yangu. Unajua vile tunazunguka nyumba kwa nyumba, na chumba changu unakijua: kitanda, jiko na mahali pa kugeukia. Kiti niko nacho kimoja, na mguu wake umefungwa kamba. Nikafanya vile kila mtu hufanya hapa, nikaazima. Mama Hodan akanipa viti vyote vya kibandani, vile vidogo vya plastiki vya bluu, akanipa vikombe, akapika na chai mwenyewe akajaza chupa mbili. "Na mtoto nitakaa naye," akasema, "wewe omba Mungu wako vizuri."

Tukaimba, tukasoma, tukaomba. Chai ikamiminwa. Mzee Kioko, ambaye naye ni wa jumuiya yetu, akamaliza kikombe cha kwanza, akanyoosha mkono kuomba cha pili.

"Binti, leo chai umeiweza. Iliki imekolea."

Nikasema asante. Kisha akatoa ile karatasi kwa mfuko wa koti.

"Ndugu zangu, imebaki sahihi chache. Hawa watu si wenzetu. Leo wanatuuzia chai, kesho ploti yote ni yao. Na nyinyi wasichana wa kuzaa bila bwana, mnawaachia hata watoto! Mtoto kama huyo atakua hajui yeye ni nani."

Mama Nduku, mwenyekiti wetu, akakohoa. "Mzee, hayo ni maneno ya kuumiza."

"Ni maoni yangu. Nchi ni huru. Niko na haki ya kusema ninachofikiria, anayeumia aumie."

Watu wakaangalia ndani ya vikombe. Halafu fundi mmoja wa viatu, jirani wa Mzee Kioko, akachukua kalamu.

Mwaitu, lile la kuzaa bila bwana nililimeza. Nilikuwa pale, mdomo ninao, ningetaka kujibu ningejibu. Na mtoto ana jina lako, atakosaje kujijua? Lakini Mama Hodan hakuwepo ajijibie. Na ile karatasi haikuwa maoni tena. Maoni hayamtoi mtu kwa nyumba. Nikaona kichwani mwangu Jumatatu imefika, kibanda kimefungwa, mama wa watu anabeba vyombo vyake barabarani, na mimi nimesimama na Mwikali sijui nimpeleke wapi. Nikainuka.

"Baba," nikasema, "haki ya kusema uko nayo, mimi sikunyang'anyi. Lakini hicho kiti umekalia ni cha Mama Hodan. Kikombe ni chake. Na hiyo chai umesifu ameipika yeye."

"Ati nini?"

"Ukitaka kumsema, sema yote. Lakini simama kwanza."

Akainama akaangalia kiti. Kusema kweli hakujua. Hajawahi kukanyaga kibandani kwa mama huyo hata siku moja, viti vyake angevijulia wapi? Akainuka kwa hasira. "Haya, nimesimama!"

"Na wengine wanaoona kama yeye," nikasema, "nao wasimame."

Mwaitu, hakuna aliyesimama! Mama Nduku ndiye kwanza akajikalia vizuri kama kuku juu ya mayai. Yule fundi akakoroga chai yake kwa kalamu, akajifanya ndiyo kazi aliyoichukulia.

Hapo mlango ukafunguka. Mama Hodan, na Mwikali ubavuni, na chupa ya tatu mkononi.

"Mzee, mbona umesimama? Viti havikutosha?"

Mzee akaishusha ile karatasi ubavuni.

"Nimekaa sana," Mzee Kioko akasema. "Nanyoosha miguu."

"Nyoosha, halafu ukae. Chai bado ipo."

Akakunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. Hakukaa, lakini hakusema tena. Wiki nzima imepita na karatasi haijafika kwa mwenye ploti. Yaliyo moyoni mwake siyajui. Pengine bado anafikiria vilevile, na hayo ni yake, mimi sina ufunguo wa kichwa cha mtu.

Sasa sikia ya leo. Leo zamu ya jumuiya ni kwa Mzee Kioko. Asubuhi nikiwa naanika nguo za mtoto, akaja akasimama kando ya kamba, anazungusha kofia mikononi.

"Binti, kwangu viti ni vitatu tu. Hebu niombee kwa yule mama."

"Baba, mdomo uko nao," nikamwambia, "na haki ya kusema uko nayo. Mwombe mwenyewe."

Akarudisha kofia kichwani. Kisha akaenda kibandani. Waliyoongea sikuyasikia. Nilichoona ni Mama Hodan akipangusa kiti kimoja kwa kitambaa, akakisukuma mbele yake. Na mzee akakaa.

Usinikasirikie, Mwaitu. Kwani wewe ulinyamaza lini? Nisalimie Mwende msomaji wetu, mjomba mwenye mbuzi, na shangazi aliyenifundisha kushona, mwambie zipu zangu hazirudishwi. Na nyanya yangu umbusu kwenye paji la uso. Sasa naacha, kuna viti vya kusaidia kubeba.

Ni mimi, binti yako mwenye mdomo,
Ndanu