Usukani Unaomtii Mama Lucy

Bukundi, 4 Novemba

Mwanangu Lucy,

Mwangaluka. Huku ni mhola, salama tu, mashamba yanasubiri mvua, na mama yako Felisita anakusalimu kwa kukugombeza kwa sababu hujaja tangu tuvune pamba. Simu huku mtandao ni wa kubahatisha, ndiyo maana nampa kondakta wa basi karatasi.

Nakuandikia kama baba na kama mteja. Pikapu yetu imenigomea. Usukani umekuwa mzito, nikikata kona jasho linanitoka. Wewe ndiye fundi wa ukoo, na gereji yenu ya Bariadi naisikia ikisifiwa mpaka mnadani. Sasa nisaidie, maana mdogo wako Minza yuko ukingoni kujifungua. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari ameshasema huyu wa pili asizaliwe nyumbani, ni hospitali ya Mwanhuzi tu. Mume wake kapeleka ng'ombe malishoni mbali. Mvua ikianza, pikipiki hazivuki korongo. Tumebaki mimi na hili gari.

Usidhani nimekaa tu. Kikopo cha oili ya usukani nilikikuta kimepungua, nikakijaza mafuta ya pamba. Masafi kabisa, yale ya kukaangia.

Afya ni nzuri. Juzi kikombe cha chai kilinitoka mkono wa kushoto, mama yako akasema nimezeeka nikubali. Ni ganzi ya jembe tu.

Ni mimi baba yako,
Ngassa


Bariadi, 8 Novemba

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Mama mwambie Krismasi nakuja, asinichape.

Mafuta ya pamba! Baba jamani! Nimewasomea wenzangu hapa gereji, mmoja kacheka mpaka akakaa chini. Yale ni ya maandazi. Yamwage yote leo leo. Chomoa bomba la kurudishia oili, zungusha usukani injini ikiwa imezimwa mpaka yaishe, kisha weka hii oili nyekundu niliyompa kondakta. Halafu bonyeza mkanda wa pampu kwa kidole, usiwe umelegea. Jaza upepo matairi ya mbele, maana tairi laini nalo linatesa usukani.

Ukiwa bado mzito, inua mbele kwa jeki, weka magogo imara chini, washa injini, zungusha. Matairi yakiwa hewani usukani unatakiwa uende wenyewe. Ukigoma hata hapo, kuna kitu kinabana kwenye viungo. Mtu mwingine azungushe, wewe utazame chini.

Gari halina uongo, baba. Ukiliuliza vizuri linajibu.

Mwanao,
Lucy


Bukundi, 18 Novemba

Mwanangu Lucy,

Marahaba. Sote tupo, Minza sasa anatembea kwa kushika ukuta. Wabeja sana kwa oili.

Kaa chini kwanza, maana niliyoyaona sijawahi kuyaona.

Nilifanya yote uliyosema. Mafuta yametoka, oili nyekundu imeingia, mkanda umekaza, matairi yamejaa. Usukani mzito. Nikainua kwa jeki. Mzito! Nikasema basi, kuna kinachobana, nikamwita mama yako akae pale azungushe, mimi nikalala chini kutazama. Matairi yakaanza kwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikatoa kichwa. Lucy, mama yako alikuwa anazungusha kwa mkono mmoja! Mwingine ameshika kitenge, na huku anamwelekeza Minza namna ya kupepeta choroko.

Nikamshusha, nikapanda mimi: mzito. Nikateremsha jeki, akapanda yeye: mwepesi. Majirani wakajaa uani. Mzee Luhende alivua kofia, akasema gari limefungwa na mwenye husuda, ila mama yako ana nyota. Mimi Mkatoliki, lakini nywele zilinisimama. Mama huyu hajawahi hata siku moja kukaa kwenye kile kiti, na gari linamtii.

Hebu niambie, fundi. Hili nalo mlifundishwa?

Baba yako,
Ngassa


Bariadi, 20 Novemba

Baba, shikamoo. Na mama naye asome hapa.

Gari ni zima. Pampu nzima, mkanda mzima, viungo vizima. Kama mama anazungusha kwa mkono mmoja, hakuna kitu kibovu kwenye gari hilo.

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza, pale kwenye kikombe. Baba, kilicho kizito ni mkono wako. Hiyo siyo ganzi ya jembe. Naogopa. Nilikuwa nauliza gari tu, wewe sikukuuliza.

Usiendeshe. Nakuomba kwa magoti. Mama, mnyang'anye ufunguo, mtafutie usafiri wowote afike hospitali. Mimi Jumapili niko Bukundi.

Mwanenu,
Lucy


Mwanhuzi, Jumamosi 23 Novemba

Lucy mwanangu,

Hatujambo wote wanne. Tulitoka nyumbani watatu. Kesho usije Bukundi, shukia hapa Mwanhuzi, hospitali. Sikupigii kwa sababu ulimi nao umekuwa mzito, maneno yanatoka yamepinda. Mkono wa kulia ndio bado unanisikiliza.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mama yako aliisoma, akachukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Nilinuna. Jana alfajiri ikanyesha mvua ya kumwaga, na Minza akashikwa na uchungu. Usafiri hakuna. Mama yako akafungua pindo, akakaa yeye kwenye usukani.

Nikamwambia, "Mama Lucy, wewe gia huzijui."

Akasema, "Si unazijua wewe? Mkono wa kulia si mzima?"

Nikakaa kushoto kwake, na fimbo ya gia ipo palepale penye mkono wangu mzima. Nikisema "kanyaga!" anakanyaga klachi, mimi naingiza gia, yeye anashika njia. Korongoni matope yalitushika. Akalifokea gari kwa Kisukuma, maneno yaleyale anayowafokea maksai wakigoma kulima, na likapanda! Minza nyuma analia na kucheka. Mungu wangu, Lucy, nimeishi na mwanamke huyu tangu ujana na nilikuwa sijamwona.

Minza amejifungua salama, msichana. Daktari alipotoka kutupa habari akanitazama usoni, akaniuliza jina, nikamjibu, palepale akaita kitanda. Ni mishipa ya kichwani, kiharusi. Anasema ningeshika usukani ule jana, tungezikwa wote.

Sasa hivi mlinzi amekuja kulalamika kwamba pikapu imeziba geti. Nikaanza kujiinua, mama yako akanisukuma nilale, akatoka. Namwona hapa dirishani. Amewasha, anarudi nyuma taratibu, usukani kwa mkono mmoja.

Gia ameingiza mwenyewe.

Baba yako,
Ngassa