Kwa Kaka Huailin, na kwa Jingyuan Popote Alipo

Mwaka umetimia leo, kaka Huailin, tangu ututoke wodini kule Xi'an, ukiwa na miaka thelathini na minne tu.

Kukata karatasi kwa mkasi ulifundishwa na mama, hapa Suide, mkiwa mmeketi kwenye kitanda cha udongo. Kila Mwaka Mpya ulikata maua mekundu ya karatasi ya kubandika kwenye madirisha ya kijiji kizima. Wajane uliwabandikia mwenyewe. Uji wako wa uwele ulipoa ukikungoja, nawe ukaunywa hivyo hivyo.

Ulipohamia mjini ulianza kukata picha zako za harusi. Mama alipoiona ya kwanza alikuuliza, "Mwanangu, bibi harusi umemsahau?"

"Sijamsahau, mama. Hawa wawili ndio wanaooana."

Mama aliitazama sana, akasema tu kwamba punda waliyempanda umemkata vizuri. Akaificha chini ya godoro baba asiione. Kule mjini vijana walipanga foleni kuona kazi zako. Tumeambiwa wengine walilia.

Ulipougua, Bao Jingyuan alikuuguza siku arobaini. Alikuogesha, akakulisha, akalala sakafuni. Baba alidhani ni rafiki wa kazini, akamsifu kwetu. Kisha akaiona karatasi uliyobandika juu ya kitanda: wewe na yeye mmeshikana mikono, na alama ya harusi katikati yenu. Akaichana. Akamfukuza Jingyuan mbele ya wagonjwa wote. Nasi tulikuwepo, tukanyamaza.

Siku tatu ulimuuliza kila aliyeingia, "Jingyuan amekuja?" Tukakudanganya kwamba yuko njiani. Siku ya nne hukuuliza tena. Jioni yake ukaondoka.

Tulikuzika bila kumwita.

Kaka, tunamtafuta. Simu yake haipatikani. Chumba chenu kina wapangaji wengine. Baba, ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi, amekwenda Xi'an mara sita. Husimama nje ya ukumbi ulikoonyesha kazi zako, akiwauliza vijana. Wengi humpita. Mmoja alimwambia, "Mzee, mwache apumue." Alirudi, akakaa uani siku nzima bila kula. Juzi akatuuliza, "Hivi nikimpata, nitamwambia nini?"

Mama hashiki mkasi tena. Mwaka Mpya uliopita madirisha yetu yalibaki matupu.

Kaburi lako liko mteremko wa mashariki, juu ya shamba la mikunazi. Anayetaka kuja kwako halazimiki kubisha hodi kwetu. Njia inapita nyuma ya nyumba, na hatutamfuata.

Unakumbukwa na mama yako, Xue Cailian. Baba yako, Dang Shengcai. Mimi mdogo wako, Huaiyu, niliyeandika haya. Na mume wako, Bao Jingyuan. Neno hilo "mume" aliliandika baba mwenyewe, kwa mkono wake.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutasahau tulilokutendea.