Zawadi ya Shamsi na Harusi ya Faudhia

Dada Odilia, shikamoo, niokoe mwenzio. Nina studio ya picha hapa Kibondo, harusi za Murungu mpaka Kasulu narekodi mimi, na mwezi wa tatu mume wangu Shamsi aliniletea zawadi kutoka Kasulu, eksteno, diski ya nje ya kuhifadhia video, ndogo kama kiberiti imeandikwa tera kumi na sita, nikafurahi nikanakili humo harusi zote, wiki hiyohiyo umeme ukarudi kwa nguvu ukaua laptop yangu, wala sikulia, maana nilijua kila kitu kipo kwenye zawadi. Sasa Faudhia, bibi harusi wangu wa mwaka jana, amefiwa na baba yake, Jumapili ni arobaini, anaomba ile sehemu mzee anamsomea dua kabla ya kumkabidhi kwa mumewe. Nimechomeka eksteno kwa jirani, majina ya video yapo, hakuna inayofunguka, na kadi ya kamera nilishaifuta nikarekodia harusi nyingine kama tunavyofanya siku zote. Shamsi anasema kompyuta ya jirani ndiyo mbovu, na laptop yangu ameshamwahidi fundi Gasper aichukue Alhamisi kwa spea. Nikimwambia zawadi yake ni feki atanuna, na aliileta kwa mapenzi. Nifanyeje?
Swaumu, Kibondo

Swaumu, pole, lakini umenichosha. Tera kumi na sita kwenye kiberiti, na wewe ni mtu wa studio? Kifaa hicho kimechezewa ndani kionyeshe nafasi ambayo hakina, kikijaa kinabakiza majina matupu. Shamsi katapeliwa, hana kosa.

Kilichoungua ni laptop, diski yake huenda ni nzima. Gasper aje leo, na aje na bisibisi. Aitoe diski, aende nayo dukani mkononi apate kasha tupu la saizi yake lenye waya wa USB, kwa sababu makasha hayafanani. Hiyo ndiyo eksteno yako. Ikisoma, usifute wala usiongeze kitu, nakili harusi ya Faudhia kwenye flashi mbili na uitazame mpaka mwisho. Ikianza kutoa mlio wa kugonga ndani, ichomoe, mpelekee fundi wa kuokoa data.

Eksteno mpya ukinunua, ijaze filamu mpaka igome, kisha fungua ile ya mwisho. Na kadi ya kamera haifutwi mpaka nakala mbili zimefunguka mbele ya macho yako. Tabia hiyo iishe.

Shamsi mwambie leo, kwa upole, "Mume wangu, wametutapeli." Atanuna siku mbili, ya tatu ataulizia chakula. Baba yake Faudhia hatarudi kuisoma ile dua.